Kura 21 za Magarini: namna ya kupiga hesabu kura zinapohama chama

Ukivuka mto Sabaki kutoka Malindi mjini unaingia Magarini, eneobunge la kaunti ya Kilifi, Kenya, ambalo uchaguzi wake wa ubunge wa Agosti 2022 uliamuliwa na kura 21. Harrison Kombe wa ODM, chama cha Raila Odinga, alipata 11,946, Stanley Kenga wa UDA, chama cha William Ruto, akapata 11,925. Wengi wakisikia "kura 21" hudhani walihitajika watu 21 kuyageuza matokeo. Walihitajika 11. Mtu mmoja akimwacha Kombe na kumpa Kenga, Kombe anapungukiwa na moja na Kenga anaongezewa moja, kwa hiyo pengo linasinyaa kwa kura mbili. Wakihama 11, Kombe anabaki na 11,935 na Kenga anafika 11,936.

Sasa chukua wafuasi hao hao wa Kombe, lakini badala ya kuhama waamue tu kutokwenda kupiga kura. Wakibaki nyumbani 21, wagombea wako sare. Ili Kenga aongoze ni lazima wabaki 22. Anayehama ana uzito mara mbili ya anayesusia, na hesabu yoyote ya uchaguzi isiyotenganisha makundi haya mawili itakupotosha, hata kama nambari zake zote ni sahihi.

Nayaandika haya kwa sababu barazani Malindi, na Lamu vilevile, hesabu za uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 zimeshaanza, na nyingi ni za kujumlisha tu: chama hiki kilipata kadhaa, kile kikapata kadhaa, vikiungana kiti kimekwisha patikana. Watu wanauza mashamba kwa kuamini hesabu za aina hiyo. Kibaya zaidi, wapigakura wa wadi ndogo huambiwa kura zao hazina uzito wowote, wakati mara nyingi ndizo zinazobeba kiti.

Nusu ya pengo, na moja juu

Kanuni ya kwanza ni fupi. Chukua tofauti ya kura kati ya wa kwanza na wa pili, igawe kwa mbili, halafu chukua nambari kamili inayofuata juu yake. Hiyo ndiyo idadi ya watu wanaotosha kugeuza matokeo wakihama moja kwa moja. Kwa gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi mambo yanaishia hapo, kwa kuwa mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi hata akiwa na asilimia 30. Lamu mwaka 2017 Fahim Twaha alimshinda Issa Timamy ugavana kwa tofauti isiyofika kura 200. Yaani kaunti nzima, tangu Kiunga mpaka Witu, ingeweza kugeuzwa na watu wasiozidi mia moja waliobadili nia. Miaka mitano baadaye kiti kilirudi kwa Timamy.

Kwa rais hesabu ina milango mitatu, na hapa ndipo wachambuzi wengi hujikwaa. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969 na David Mwaure Waihiga 31,987. Kura halali zote ni 14,213,027. Ili ushinde bila duru ya pili unahitaji zaidi ya nusu, yaani angalau 7,106,514. Ruto alikuwa na ziada ya 69,627 juu ya kiwango hicho.

Mlango wa kwanza: wangehama wapigakura 69,628 wa Ruto kwenda kwa mgombea mwingine yeyote, hata Waihiga, angeshuka chini ya nusu na nchi ingeingia duru ya pili, ingawa bado angeongoza. Mlango wa pili: wangehama 116,606 kwenda kwa Raila, Raila ndiye angetangulia, lakini bado bila kufika nusu. Mlango wa tatu: ili Raila ashinde moja kwa moja kwa kumnyang'anya Ruto peke yake, wangehitajika 163,584. Pengo ni moja, majibu ni matatu, na kila jibu ni serikali tofauti au siku 30 nyingine za kampeni.

Wakisusia je? Wafuasi wa Ruto wanaobaki nyumbani humpunguzia kura, lakini pia hupunguza jumla ambayo nusu yake inatafutwa. Ndiyo maana wangehitajika 139,255 kumshusha hadi nusu kamili, ambayo haitoshi kwa ushindi. Ni mara mbili ya wale 69,628, kama ilivyokuwa Magarini.

Kigawanyo chenyewe kinaweza kuhama pia. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alipata 6,173,433. Tume ya uchaguzi iligawa kwa kura zote zilizopigwa, 12,330,028, zikiwemo 108,975 zilizokataliwa, akatoka na asilimia 50.07: ziada ya kura 8,419 tu juu ya nusu. Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika asilimia. Ukigawa kwa kura halali 12,221,053, anapata asilimia 50.51, na ziada inapanda hadi zaidi ya 62,900. Hakuna hata mpigakura mmoja aliyehama. Kwa hiyo kabla hujalinganisha asilimia za miaka miwili, hakikisha zimegawiwa kwa kitu kimoja.

Sharti la robo linaifanya Lamu, kaunti yenye wapigakura wachache kuliko zote nchini, kuwa sawa na Nairobi. Rais lazima apate angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47, na kila kaunti huhesabiwa moja. Tuseme kura halali Lamu ni 50,000 na mgombea ana 12,200. Akiwavuta watu 300 kutoka kwa wapinzani, amefika robo. Lakini akitegemea watu wapya ambao vinginevyo wasingepiga kura, 300 hawatoshi, kwa kuwa na jumla inapanda nao. Anahitaji 400.

Kutoka wapi, kwenda wapi

Ili kupiga hesabu ya uchaguzi ujao unahitaji jedwali lenye mistari na safu. Excel inatosha, na daftari la mraba pia linatosha. Mistari ni mahali watu walipokuwa uchaguzi uliopita: kila chama mstari wake, wasiopiga kura mstari wao, na walioandikishwa upya wa kwao. Safu ni mahali watakapokuwa safari hii, ikiwemo safu ya nyumbani. Kila mstari unagawanywa kwa asilimia, na asilimia za mstari lazima zifike 100. Jumla ya chini ya jedwali lazima ilingane na sajili. Isipolingana, kuna watu umewazua au umewazika.

Chukua wadi ya kubuni yenye wapigakura 10,000. Uchaguzi uliopita chama cha Mnazi kilipata 2,900, Mkwaju 2,400, Mkoko 900, na 3,800 hawakujitokeza. Kura zilizokataliwa niziache kwa sasa, na nichukulie sajili haikubadilika. Safari hii mgombea wa Mkoko amejitoa na kumuunga mkono wa Mnazi. Hesabu ya barazani inasema Mnazi sasa wana 3,800 dhidi ya 2,400. Pengo la 1,400, watu wanalala usingizi.

Fuata mistari uone. Mnazi wanabaki na asilimia 80 ya watu wao (2,320), asilimia 8 wanakwenda Mkwaju (232) na 12 wanabaki nyumbani (348). Mkwaju wanashika asilimia 85 (2,040), 5 wanakwenda Mnazi (120), 10 nyumbani (240). Wafuasi wa Mkoko hawakupewa mtu kama mzigo: nusu wanamfuata kiongozi wao hadi Mnazi (450), asilimia 20 wanakwenda Mkwaju (180), 30 hawaendi kokote (270). Kati ya wale 3,800 waliokosa mara iliyopita, asilimia 8 wanajitokeza kwa Mnazi (304), 7 kwa Mkwaju (266), na 3,230 wanabaki walipokuwa.

Jumlisha safu. Mnazi 3,194, Mkwaju 2,718, nyumbani 4,088, jumla 10,000. Pengo ni 476, theluthi ya lile la barazani, na bado sijaweka jambo lolote baya kwa Mnazi zaidi ya uchovu wa kawaida. Nusu ya 476 ni 238. Wakihama 239 zaidi kutoka Mnazi kwenda Mkwaju, kiti kimepotea, nao ni asilimia 8 na kitu tu ya mstari wa Mnazi.

Uzito wa kila mstari ndio unaoniambia kampeni ielekee wapi. Pointi moja ya asilimia katika mstari wa Mnazi ni watu 29. Wakihamia Mkwaju pengo linapungua kwa 58, wakibaki nyumbani linapungua kwa 29. Pointi moja katika mstari wa Mkoko ni watu 9 tu. Pointi moja katika mstari wa wasiojitokeza ni watu 38. Wadi hiyo viongozi wa Mnazi watatumia wiki tatu kumsindikiza mgombea wa Mkoko jukwaani, wakati mstari wa watu 3,800 umelala bila kuguswa, na watu wao wenyewe 2,900 hawajatembelewa. Naona makosa haya kuwa makubwa kuliko mengine yote ya kampeni za Pwani.

Swali linalofuata ni la haki: hizo asilimia zinatoka wapi? Chanzo ninachokiamini zaidi ni fomu za siku moja, kituo kimoja, karatasi tofauti. Mpigakura wa Kenya hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Matokeo ya kituo ya rais yako kwenye fomu 34A, ya mbunge 35A, ya mwakilishi wadi 36A, ya gavana 37A. Ukiweka 34A na 35A za kituo hicho hicho pamoja, unalinganisha watu walewale, asubuhi ileile, sajili ileile. Chama kikipata kura 310 za rais na 190 za ubunge, basi wapo angalau 120 waliomtaka rais wa chama hicho lakini hawakumtaka mbunge wake. Wito wa kupiga kura kwa mtindo wa suti, chama kimoja kuanzia juu hadi chini, unapimwa hapo, na ukishaona vituo vingi namna hii utaacha kuuamini sana.

Ukilinganisha miaka tofauti, jihadhari na mikondo, yaani vituo kadhaa ndani ya shule au ukumbi mmoja. Sheria haitaki kituo kimoja kizidi wapigakura 700. Shule yenye watu 1,500 ina mikondo mitatu, na sajili ikifika 2,200 inakuwa na minne, majina yakapangwa upya. Mkondo wa kwanza wa 2022 si watu walewale wa mkondo wa kwanza wa 2017. Jumlisha mikondo yote ya shule au ukumbi huo kabla ya kulinganisha. Angalia pia kama kituo kipya kimefunguliwa kijiji cha jirani, maana kinaweza kuondoka na mia tatu za ngome yako na wewe ukadhani zimehama chama.

Kosa linalofuata ni la kimantiki, na limewapoteza hata wasomi. Kituo fulani chama kimoja kimepungua 50 na kingine kimeongezeka 50. Mtu anasema: hamsini wamehama. Huenda hawakuhama hata mmoja. Huenda wafuasi 50 wa chama cha kwanza walikwenda Mombasa kutafuta kazi, na vijana 50 walioandikishwa juzi wakakipa cha pili. Tiba ni tofauti kabisa, kwa kuwa aliyeondoka hahitaji kushawishiwa, anahitaji nauli ya basi. Fomu ya kituo haikuonyeshi mtu mmoja mmoja. Inachoweza kukupa ni mpaka. Ikiwa watu ni walewale 400, Mnazi walikuwa na 250 jana na leo Mkwaju wana 300, basi wasiompa Mkwaju leo ni 100 tu. Hata kama mia yote hiyo ni ya Mnazi wa jana, wapo angalau 150 waliovuka. Hapo unaweza kusema kwa uhakika, na zaidi ya hapo ni kukisia.

Chama au mtu?

Magarini inarudi hapa. Matokeo ya 2022 yalibatilishwa mahakamani na uchaguzi mdogo ukafanyika 27 Novemba 2025. Kombe akasimama tena kwa ODM, Kenga akasimama kwa DCP, chama kipya cha Rigathi Gachagua. UDA, chama alichokuwa nacho Kenga mara ya kwanza, safari hii kilimuunga mkono Kombe. Kombe akashinda kwa takriban mara mbili ya kura za Kenga.

Ukijaza jedwali kwa majina ya vyama, UDA wameanguka kutoka karibu 12,000 hadi sifuri, na DCP wameota kutoka ardhini. Jedwali hilo halina maana. Ukijaza kwa majina ya watu, unaona Kenga amepoteza sehemu ya kura zake za zamani, na unaweza kuanza kuuliza ni ngapi zilikuwa zake na ngapi zilikuwa za chama cha rais. Kwa viti vya chini napendelea kufuata mtu. Kwa rais, muungano. Kwa gavana jaza majedwali mawili, kwa sababu gavana yuko katikati. Jambo moja la kushikilia: uchaguzi mdogo una karatasi moja tu na waliojitokeza huwa wengine kabisa, kwa hiyo asilimia zake usizihamishe kama zilivyo kwenda 2027.

Wapo pia wanaochukua badiliko la kaunti nzima na kulitandaza sawasawa kila wadi. Chama kimeshuka pointi 10, basi wanatoa 10 kila mahali. Wadi ambako kilikuwa na asilimia 6 kinabaki na hasi 4. Wengine hutumia uwiano: kutoka 40 hadi 30 ni kubaki na robo tatu, basi 6 inakuwa 4.5 na 80 inakuwa 60. Njia hii haitoi hasi, lakini inazipiga ngome vikali. Ukweli mara nyingi uko katikati, nami huendesha zote mbili.

Uingereza ndiko njia ya kipimo kimoja ilikozoeleka, kwa kazi ya David Butler: ongezeko la chama kimoja na upungufu wa kingine, gawa kwa mbili. Uchaguzi wa 2024 ulionyesha mwisho wa kipimo hicho. Labour walipanda kutoka asilimia 32.1 hadi 33.7, Conservative wakashuka kutoka 43.6 hadi 23.7. Kwa kanuni ya Butler hiyo ni pointi 10.75 kutoka Conservative kwenda Labour. Lakini Labour walipata kura kama milioni 9.7, pungufu ya milioni 10.3 walizopata 2019, na viti vyao vikaruka kutoka 202 hadi 411. Kura za Conservative zilitawanyika: nyingi kwa Reform UK, waliopata asilimia 14.3 na viti vitano tu, nyingine kwa Liberal Democrats, nyingine nyumbani. Mpinzani alishinda viti kwa sababu wa mbele yake alivuja kwenda kwa wengine. Mazingira kama hayo yako wazi kabisa Kilifi, kila mara wagombea wawili wa ngome moja wanaposimama dhidi ya mmoja wa nje.

Kuhusu kura za maoni nisirefushe. Sampuli ya watu 400 ina ukingo wa kosa wa takriban pointi 5 juu na chini. Ukiichambua na kuchukua watu 40 wa wadi moja, ukingo unafika pointi 15, na hapo hakuna cha kusoma. Ukiwauliza watu walimpa nani mara iliyopita, wengi watasema walimpa aliyeshinda, hata wasiokwenda. Mstari wako wa mshindi utavimba na wa nyumbani utakonda. Anza na nambari za fomu, kisha tumia majibu ya watu kugawanya ndani ya mstari tu.

Pia kumbuka viti vya orodha katika bunge la kaunti. Havigawanywi kwa jumla ya kura, bali kwa idadi ya wadi ambazo chama kimeshinda. Kilifi yenye wadi 35, chama kinachopoteza wadi tatu kwa kura chache chache kinaweza kupoteza na viti vya uteuzi juu yake, hata kama kura zake kwa jumla zimepanda.

Jedwali likishakamilika, liendeshe mara tatu: asilimia unazoziamini, kisha pointi tano mbaya zaidi katika mstari wako mkubwa, kisha pointi tano bora. Mshindi akibadilika kati ya mizunguko hiyo, wadi hiyo iko wazi na ndiyo inayohitaji mawakala wawili kila kituo, wa pili akipiga picha ya fomu iliyobandikwa mlangoni. Andika pembeni kura zilizokataliwa za kila kituo mara iliyopita. Zikiwa nyingi kuliko pengo unalotarajia, kufundisha watu kutia alama vizuri kutakupa zaidi ya mkutano wa hadhara.

Usiku wa matokeo usilinganishe jumla na jumla. Vituo vya karibu na ukumbi wa kujumlishia huingia mapema, vya Adu na Marafa huchelewa, na mjini hakupigi kura kama bara. Ukiona mgombea wako ameshuka pointi nane saa tatu usiku, pengine hakuna aliyehama, ni vituo vyake ambavyo havijafika. Chukua vituo 20 vya kwanza vilivyoingia, tafuta vituo hivyo hivyo 20 katika fomu za 2022, linganisha hivyo tu, na kila kinapoingia kipya ongeza jozi yake.